Ng'washi na Majani ya Uzio

Wifi yangu Ng'washi ana ugonjwa mmoja ambao hospitali haijaupatia dawa: akiambiwa jambo, analifanya. Halifanyi nusu, halifanyi kesho, wala haulizi mara ya pili. Ukimwambia gauni liishie chini kidogo ya goti, litaishia hapo hapo, na ukiligeuza ndani hutakuta uzi hata mmoja unaoning'inia. Anashona haraka, kisha anakaa na mkasi wake mdogo anakata nyuzi mpaka mteja anachoka kusubiri. Huwa namtania kwamba siku moja atakata na masikio ya watu. Nataka mmjue hivyo kwanza, maana yaliyotukuta kijijini kwetu Kasekese kiangazi kile yalitoka humo humo kwenye utii wake, na mimi Odeta nikiyakumbuka damu bado inanichemka.

Ng'washi ni Msukuma. Kaka yangu Audace alimwoa akaja naye pamoja na cherehani yake, wakakaa kwa mama yetu, Joséline. Sisi asili yetu ni Burundi. Mama aliletwa Tanzania akiwa msichana, akakulia hapa, akazalia hapa, akapewa uraia hapa, ila ulimi wake haukuhama wote. Kiswahili chake kina viraka vya Kirundi kila mahali, na havioni. Akikwambia neno usipolielewa, analirudia lile lile kwa sauti kubwa zaidi, basi.

Mvua ya kwanza ya ndoa yake, Ng'washi aliambiwa akalete imigozi shambani. Akarudi na jembe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akamkokota mkono hadi kwenye matuta ya viazi vitamu, akamshikisha yale marando yanayotambaa. "Imigozi, mukazana. Imigozi." Mukazana ndiyo mkamwana. Tangu siku hiyo Ng'washi hakukosea tena. Marando yakawa imigozi, na alijivunia neno lile kama mtu aliyepata cheti.

Aliyekuwa hampendi ni baba mdogo, Nestori. Marehemu baba yetu alipofariki, yeye ndiye akabaki mwenye sauti katika ukoo, na sauti hiyo anaitumia vizuri sana. Mwaka wa tatu ulikuwa unaingia Ng'washi hajapata mtoto. Nestori alikuwa akisema mbele yake, bila aibu, kwamba anasubiri kosa moja tu, lililo wazi, amrudishe kwao mwenyewe kwa mguu wake. Ng'washi alikuwa akiinamisha kichwa na kukata nyuzi. Ndiyo maana naye alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Alijua hana nafasi ya kukosea.

Kiangazi hicho Audace alikuwa Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki. Dada yetu aliyeolewa Mpanda mjini akajifungua, na Mama akaitwa huko mjini, mtaa wa Makanyagio, kumlea mzazi. Bodaboda ilikuwa imeshawashwa, Mama amekaa nyuma na kikapu mapajani, akakumbuka mbuzi.

"Mukazana! Mbuzi ni imigozi. Iko pale kwenye uzio. Kila asubuhi, usisahau!"

"Sawa, Mama. Safari njema."

Pikipiki ikaondoka na vumbi lake. Hayo ndiyo maneno yote yaliyosemwa, na mimi nilikuwepo, nimesimama na kikombe cha uji mkononi, nikayasikia kwa masikio yangu. Mimi niliolewa ng'ambo ya pili ya kijiji, nilikuja kuaga tu. Nikaenda zangu.

Uzio wenyewe ni wa jirani yetu, Bibi Lusia. Huyo ni Mbende, mwenyeji wa asili, mjane anayekaa peke yake. Mama alipokuja pale akiwa hana hata sufuria, Lusia ndiye aliyemwonyesha kisima cha maji matamu. Marehemu mume wake alipanda ule uzio kwa vipandikizi alivyoletewa na rafiki yake: mmea unaokua haraka, haufi hata jua likiwaka namna gani, una maua ya zambarau iliyopauka na majani yenye umbo la moyo. Ukiutazama haraka utasema ni kiazi kitamu kilichoamua kusimama wima.

Ng'washi akaenda kwenye uzio, akautazama, akaona imigozi. Nyasi zilikuwa zimekauka nchi nzima, na pale palikuwa kijani. Akaona mama mkwe wake ana akili sana. Akakata mzigo mmoja, akawamwagia mbuzi bandani. Siku za kwanza mbuzi walinusa wakageuza pua. Baadaye wakaonja. Baadaye tena wakawa wakisikia panga kwenye uzio wanapiga kelele banda zima, na wakiwekewa pumba wanaikanyaga wakisubiri majani. Ng'washi alifurahi. Aliniambia sokoni, "Wifi, mbuzi wa Mama wananipenda siku hizi," nami nikacheka, sikuuliza wanapendea nini.

Wiki zikapita. Jike moja jeusi likaanza kutikisa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayekataa jambo. Kisha miguu ya nyuma ikawa haifuatani na ya mbele. Kisha wengine nao. Walitembea wamepanua miguu, wakijigonga kwenye nguzo za banda. Wawili wakatupa mimba. Dume kubwa likaanguka likijaribu kugeuka, likainuka, likaanguka tena, macho yakishangaa ardhi. Ng'washi aliwaongezea majani ili wapate nguvu.

Na ng'ambo ya uzio mbuzi wa Lusia walikuwa wazima, wanene, wamefungwa kamba zao chini ya mgunga, wanacheua.

Mnaweza kujua kilichofuata. Nestori alikuja, akatazama huku, akatazama kule, akaguna. Jioni hiyo hiyo kilabuni akasema mbuzi hawawezi kulewa bila pombe labda wamelishwa kitu kisichoonekana, na kwamba mwenye mkono huo si wa kutafutwa mbali. Kesho yake watu wakaacha kumsalimia Lusia. Kesho kutwa mtu akarusha jiwe juu ya bati lake. Kwetu huku neno la namna hiyo likishatembea, halirudi mikono mitupu. Tumeshaona mabibi wakifukuzwa na nyumba zao zikiwashwa, na wengine hawakubahatika kufukuzwa. Nilikasirika, lakini nikaingiwa na hofu pia, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Nikampigia simu Shadrack, afisa mifugo. Alikuja siku dume kubwa lilipochinjwa maana lilikuwa haliwezi kusimama tena. Alitaka ini na ubongo apeleke maabara. Hapo ukazuka ugomvi, kwa sababu ini ni la mkubwa wa ukoo, na Nestori alishakaa kwenye kigoda analisubiri. Shadrack alimwambia asile nyama ya mnyama mgonjwa. Nestori akamwambia yeye alikula ini kabla Shadrack hajaota meno. Mwishowe wakagawana kwa lazima: nusu ikaingia kwenye chupa ya dawa kwenda maabara, nusu ikaingia kwenye mkaango kwenda kwa baba mdogo.

Mama akarudi kutoka Makanyagio. Hakulia. Aliingia bandani akakaa chini kwenye samadi, akakipakata kichwa cha lile jike jeusi, na kichwa kikawa kinatikisika mikononi mwake. Ng'washi alisimama mlangoni. Akaulizwa, "Umewalisha nini?" Akajibu kweli tupu: "Ulivyoniambia, Mama." Mama akaitika, "Ego," yaani ndiyo, hakuuliza zaidi. Aliposikia vile alidhani mbuzi walifungwa malishoni kila asubuhi, kama alivyoagiza.

Jumapili baada ya misa Nestori akaita watu uwanjani kwa Mama. Alikuja na baiskeli yake imepakiwa gunia la mahindi nyuma, limekazwa kwa kamba, akaiegemeza ukutani maana alikuwa anapitiliza mashineni. Vijana walikuja wengi, na baadhi hawakuja na mikono mitupu. Bibi Lusia naye alikuja. Hakuna aliyempa kiti. Alibeba kigoda chake kutoka nyumbani, akakiweka katikati ya uwanja, akakaa, khanga kaikaza kiunoni.

"Sina maneno marefu," Nestori akasema. "Mvua za kwanza zisikukute hapa. Ukikaidi, mimi sitawazuia hawa watoto."

"Nimezaliwa hapa," Lusia akasema. "Niende wapi?"

"Ulikowapeleka mbuzi wa shemeji yangu."

Vijana wakaguna kwa pamoja. Mama alikuwa anatazama chini. Mimi nikasimama nikasema kwamba ni aibu, kwamba maabara haijajibu, na nikaambiwa nikae, mwanamke aliyeolewa kwingine hana kikao hapa. Sikukaa. Nilibaki nimesimama kwa hasira tu, sikuwa na la kufanya.

Namshukuru Mungu kwa pikipiki ya Shadrack. Ilisikika kabla haijaonekana, na watu wakageukia njiani.

Hakusalimia sana. Aliomba aletewe lile jike jeusi. Akakishika kichwa chake, akakiinua mpaka pua ikatazama mawingu, akakishikilia hivyo huku watu wakinong'ona. Kisha akaachia. Yule mbuzi akasimama kitambo kidogo, miguu ikakakamaa, akaanguka ubavu kwa kishindo. Mwanamke mmoja akapiga kelele. Nestori akasema, "Mmeona?"

"Mmeona nini?" Shadrack akamjibu. "Huyu kala sumu. Majibu yamekuja."

Akatafuta namna ya kueleza. Macho yake yakaangukia kwenye kibaraza, kwenye cherehani ya Ng'washi na gauni la mtu lililokuwa juu yake, halijamalizika. Akalichukua, akaligeuza ndani.

"Ini lina vyumba vidogo sana, havionekani kwa macho, tunaviita seli. Humo ndani mwili unatengeneza protini, na protini nyingi haziendi kazini zikiwa tupu. Zinavishwa sukari kwanza. Sukari hiyo inawekwa nyingi, imezidi, kama nyuzi hizi hapa. Halafu kuna vimeng'enya, kazi yao ni kukata. Vinapunguza, vinapunguza, mpaka protini inatoka safi, imekaa inavyotakiwa. Sasa kuna mimea ina kemikali, alkaloidi, imefanana sana na ile sukari inayokatwa. Ikiingia, inaziba mkasi. Mkasi upo, lakini haukati."

Ng'washi aliuchukua mkasi wake pale kibarazani. Nilimwona.

"Nguo zinatoka na nyuzi zake," Shadrack akaendelea, "na vile vilivyotakiwa kusagwa vitoke, havisagiki. Sukari inarundikana kwenye seli mpaka zinavimba, zimejaa vifuko. Maabara wameona hivyo kwenye ini, na kwenye ubongo ndiyo zaidi. Ndiyo maana anayumba. Hakuna mchawi hapa. Kuna majani. Na si ya siku moja. Ni ya kila siku, kwa wiki nyingi."

Nestori akakohoa. Kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea akauliza, "Na mtu akila hilo ini?"

"Mara moja tu hutayumba, mzee. Ila nilikukataza."

Wachache wakacheka, nami nikadhani tumepona. Lakini Shadrack akageuka kutazama huku na huku, akauona uzio. Akaenda, akachuma tawi lenye ua, akarudi nalo.

"Ni hili. Ndugu yake kiazi kitamu. Nani kaupanda?"

Kisha Nestori akainua mikono juu.

"Uzio wa nani, jamani? Semeni, uzio wa nani? Mchawi au mtia sumu, kuna tofauti gani? Na mbuzi wake kawafunga mbali, wasile!"

Vijana wakasogea. Mmoja alikuwa ameshashika kigoda cha Lusia kwa nyuma. Shadrack akapiga kelele waache, hakuna aliyemsikia. Lusia hakuinuka. Alimtazama Mama yangu peke yake, wala hakuwatazama vijana.

"Joséline. Uzio huu umeukuta. Mbuzi wako wamekaa nao miaka yote, hakuna aliyeugusa, chini kuna miti mitupu, majani yako juu. Mbuzi hafiki pale. Nani kawakatia?"

Mimi nilikuwa karibu na kibaraza, nikaona uso wa Ng'washi. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Nikaelewa kabla hajafungua mdomo, na Mungu anisamehe, nilitamani anyamaze. Nestori alikuwa pale, amesubiri kosa moja siku zote hizo. Audace alikuwa porini Ugalla, simu haipatikani. Na angenyamaza, nani angejua? Alikuwa anakata alfajiri, watu wako shambani.

"Ni mimi," Ng'washi akasema.

Watu wakageuka. Hakusema kwa nguvu, ilibidi arudie.

"Ni mimi niliyewakatia. Kila asubuhi. Mwachieni Bibi."

Nestori alifumba macho akayafumbua, nikaona amepata alichokuwa anakitafuta. "Kumbe," akasema taratibu. "Kumbe mchawi tunalala naye. Kafunge vitu vyako."

"Aliniambia Mama."

Hapo ndipo uwanja ukalipuka. Mama akainuka kama aliyechomwa mwiba. "Mimi? Mimi nikwambie uue mbuzi zangu?"

"Ulisema siku ya safari." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikukatika. "Ulisema mbuzi ni imigozi. Iko kwenye uzio. Kila asubuhi. Nikaenda kwenye uzio, nikaona imigozi, nikakata. Ulinifundisha wewe mwenyewe, Mama, kule kwenye viazi. Imigozi."

Nilisikia maneno yale siku ile, nimeshika uji wangu, na kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu, wala sikudhani kuna nyingine. Kwetu imigozi ni marando ya viazi. Na imigozi ni kamba. Neno ni hilo hilo. Mama alikuwa anasema kamba za kufungia mbuzi, alizozisuka mwenyewe kwa katani, akazitundika kwenye uzio baada ya mavuno, ili wasiende kuharibu bustani za watu bondeni.

"Kamba!" nikapiga kelele. "Mama alikuwa anasema kamba!"

"Uongo," Nestori akasema. "Mnatungiana. Kama kulikuwa na kamba kwenye uzio, asizione? Ni kipofu?"

"Hazikuwepo," Ng'washi akasema. "Baba, ningeziona. Palikuwa na majani tu."

Mama alikuwa ameacha kumtazama Ng'washi. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye baiskeli. Akaanza kutembea. Watu wakampisha. Akafika, akainama kwenye lile gunia la mahindi, akashika ncha ya kamba iliyolifunga. Ilikuwa kamba ya katani, na ncha yake imeshonewa kitambaa chekundu isifumuke. Vitambaa hivyo Mama huviokota chini ya cherehani ya mkwe wake. Hakuna mtu mwingine Kasekese nzima mwenye kamba za namna ile.

"Nestori," Mama akasema. "Ulizichukua lini?"

Nestori aliangalia baiskeli yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema aliazima tu. Akasema alipita asubuhi ile ile ya safari, Mama ameshaondoka au anakaribia kuondoka, hakumbuki, alikuwa na mzigo, angezirudisha. Alisema mengi. Mama hakuyasikiliza. Alifungua fundo la kwanza, la pili, gunia likaporomoka likapasuka, mahindi yakatawanyika uwanja mzima, na kuku wakaja mbio. Nakiri nilifurahi.

Mama akazikusanya zile kamba zote mkononi, akaenda kusimama kati ya Ng'washi na watu.

"Huyu alifanya nilichosema," akasema. "Anayetaka kumrudisha kwao, anirudishe na mimi Burundi."

Kijana aliyeshika kigoda cha Lusia akakiachia, akafuta mkono kwenye suruali. Watu wakaondoka mmoja mmoja, wakiruka mahindi. Nestori aliondoka wa mwisho akikokota baiskeli tupu. Radhi hakumwomba Lusia siku hiyo, wala hajaomba mpaka leo, na ndiyo maana mimi sinywi chai kwake.

Shadrack alituambia mbuzi wakiachishwa majani, ini litapona haraka, mikasi itaanza kukata tena. Ubongo hakuahidi. Ilikuwa kweli. Wengi walirudi, wakanenepa, wakazaa. Lile jike jeusi linatikisa kichwa mpaka leo, na Mama hataki liuzwe.

Jioni ile Bibi Lusia alichukua panga akaanza kukata uzio wa marehemu mume wake, shina moja moja, peke yake. Ng'washi akaenda akaanza upande wa pili. Walipokutana katikati giza lilikuwa linaingia, na kati ya nyumba mbili hapakuwa na kitu tena.

Asubuhi nilikuwepo, nililala pale. Mama alitoka nje, mbuzi walikuwa wanalia wakiyataka majani yao. Akamtazama Ng'washi aliyekuwa anafagia, akafungua mdomo, akasita. Nilimwona anahangaika na jambo mdomoni, kama mtu mwenye jino bovu. Nimeishi na mama huyu tangu anizae na sijawahi kumsikia akilitamka neno lile.

"Mukazana," akasema polepole. "Lete... kamba."

Ng'washi akaacha ufagio, akaenda kuzileta.